Mkigombana, Msitufungie Mpaka
Barua ya wazi kwa Wakuu wa Nchi nane za Jumuiya ya Afrika Mashariki na mawaziri wao

Waheshimiwa Marais,

Shikamooni.

Mimi ni mama mfanyabiashara wa nafaka katika soko la Tandale, Dar es Salaam. Nauza mahindi, maharage na mchele. Mahindi yangu hutoka Songea, Sumbawanga na Kibaigwa. Wateja wangu wengine wako Manzese na Mbagala, wengine Nairobi, Bujumbura na Bukavu. Kazi hii ninayo mwaka wa 27 sasa, na ndiyo iliyosomesha watoto wangu.

Nawaandikia kwa jambo moja. Mkigombana, msifunge mpaka. Sisemi msigombane. Nchi zinagombana kama watu wanavyogombana, na mengine mnayogombania ni makubwa kuliko ninavyoweza kuyapima nikiwa kwenye kibanda changu cha nafaka. Ninachoomba ni kwamba lori lililokwisha kuanza safari lifike lilikokuwa linakwenda, na mwenye mzigo ajue mapema kama safari ijayo haitawezekana.

Niwaeleze kwanza nimetokea wapi.

Baba yangu alikuwa karani wa bohari katika Shirika la Reli la Afrika Mashariki. Tuliishi kwenye kota za reli, Gerezani. Jirani yetu wa ukuta mmoja alikuwa fundi wa injini aliyetoka Kisumu, na mke wake alikuwa fundi cherehani. Sare zangu za shule alizishona yeye. Kwenye ua huohuo kulikuwa na familia ya Mganda wa Tororo. Watoto tulikuwa tunacheza pamoja, tunapigana pamoja, na tunachapwa na mama yeyote aliyekuwa karibu. Kina baba walilipwa na shirika moja, wakavaa kofia za aina moja. Tofauti kubwa tuliyoijua sisi ni nyumba ipi inapika samaki Jumamosi.

Mwaka 1977 ulipoanza nilikuwa na miaka 10. Tukaanza kusikia watu wazima wakisema jirani zetu wa kaskazini ni manyang'au. Baba alirudi kila jioni na habari mpya: ndege zimebaki Nairobi, fedha za shirika hazivuki tena kutoka nchi moja kwenda nyingine, kila mtumishi arudi kwao. Februari mpaka kati yetu na Kenya ukafungwa. Jirani zetu walikuwa wameondoka wiki mbili kabla, wakiwa na masanduku mawili na watoto wanne. Cherehani haikuwa na nafasi. Yule mama aliileta kwetu usiku, akamwambia mama yangu, "Dada, niwekee. Mambo yakitulia nitaifuata."

Mpaka ulikuja kufunguliwa Novemba 1983.

Miaka yote hiyo mama hakushona nayo hata kitufe. Kila mwisho wa mwezi alikuwa anaifunua, anatia mafuta kwenye vitundu vyake, anazungusha gurudumu kwa mkono, anafuta vumbi, anaifunika tena kwa kanga. Ile ilikuwa miaka ya shida, nguo zilikuwa za foleni, na zetu zilikuwa zimechanika. Nikamuuliza kwa nini hatuitumii. Akanijibu, "Si yetu." Mwaka 1984 alikuja kaka yake yule mama na barua mkononi, akaichukua. Dada yake alikuwa mzima, alisema, ila macho yalikuwa yamepungua nguvu na kushona alikuwa ameacha.

Baba naye alibaki na madai yake. Wazee waliokuwa watumishi wa Jumuiya ya kwanza, ile iliyovunjika 1977, wameyadai mafao yao kwa miaka mingi, mahakamani na hata kwa kukaa barabarani hapa Dar es Salaam, wazee wa mvi, na wakazi wengi wa mji huu wanakumbuka. Baba alifariki akiwa na faili lake chini ya mto. Siwaandikii kudai fedha hizo. Nimelitaja faili ili mjue kwamba nikisema kugombana kwenu kuna gharama, najua gharama hiyo inalala wapi usiku.

Waheshimiwa, wako vijana pale sokoni wanaoamini Jumuiya ilianza Arusha tarehe 30 Novemba 1999, siku Rais Mkapa, Rais Moi na Rais Museveni walipotia saini Mkataba. Huwa nawaambia hapana. Tangu 1921 tulitumia shilingi moja, hadi mwaka 1966 kila nchi ilipoanza kuchapa yake. Tulikuwa na reli moja, posta moja, bandari chini ya shirika moja, ndege za shirika moja. Mwaka 1960 Mwalimu Nyerere alisema yuko tayari kuchelewesha uhuru wa Tanganyika kama kufanya hivyo kungeziwezesha nchi hizi kupata uhuru pamoja zikiwa shirikisho. Mwaka 1967 yeye, Mzee Kenyatta na Dakta Obote walitia saini Mkataba kule Kampala, wakagawana makao makuu: Jumuiya yenyewe Arusha, bandari hapa Dar es Salaam, posta na simu Kampala, reli na ndege Nairobi. Miaka kumi tu ikapita.

Tukirudi nyuma zaidi, Tanganyika, Rwanda na Burundi zilikuwa koloni moja la Wajerumani hadi Vita Kuu ya Kwanza, na mji mkuu wake ulikuwa hapa hapa. Baada ya vita Waingereza wakachukua Tanganyika, Wabelgiji wakachukua Rwanda na Burundi. Mataifa haya mawili yalivutana sana juu ya ardhi waliyomnyang'anya Mjerumani. Pamoja na hayo, mwaka 1921 waliandikiana mkataba: Wabelgiji wapewe eneo lao katika bandari ya Dar es Salaam na jingine Kigoma, kwa kodi ya faranga moja kwa mwaka, ili mizigo ya Kongo, Rwanda na Burundi ipite bila kusumbuliwa. Sina sababu ya kuwasifu wakoloni. Walikuwa wanapitisha mali waliyotunyonya. Lakini hilo la kuandikiana kwamba mzigo upite hata kama wenye serikali hawapendani, walilifanya. Sisi tunaoitana ndugu bado hatujaandikiana jambo hilo kwa namna inayomlinda mwenye mzigo.

Kuna mfano mwingine, wa mbali, ambao naurudia kila nikipata wa kunisikiliza. Chekoslovakia ilikuwa nchi moja. Tarehe 1 Januari 1993 iligawanyika ikawa mbili, Cheki na Slovakia. Hawakupigana risasi. Walijaribu kubaki na fedha moja, ikawashinda ndani ya wiki sita, na Februari 1993 kila mmoja akawa na yake. Lakini siku ileile ya kutengana walianza na umoja wa forodha, na umoja huo wakaushika hadi wote wawili walipoingia Umoja wa Ulaya Mei 2004. Serikali zilitengana, fedha zikatengana, mizigo ikaendelea kupita. Jirani zao wa Yugoslavia walitengana kwa vita, na hadi leo nchi zilizotoka humo zinakaa vikao vya namna ya kurahisisha malori yapite kwenye mipaka ambayo mwaka 1990 haikuwepo.

Sasa nije kwenye mahindi, kwa sababu hapo ndipo ninapojua ninachosema.

Tarehe 5 Machi 2021 ilitoka barua Nairobi kuzuia mahindi ya Tanzania na Uganda yasiingie Kenya. Sababu iliyotajwa ni sumukuvu, sumu inayotokana na kuvu wa nafaka. Siku hiyo nilikuwa na semi moja barabarani, magunia 300, imeshapita Same. Dereva alipata habari kwa madereva wenzake, akanipigia akiwa Moshi. Nikamwambia endelea, labda mambo yatakaa sawa. Akafika kwenye foleni, akasimama.

Machi ni mwezi wa mvua. Mtu asiyefanya kazi hii anadhani mahindi yakifunikwa turubai yamepona. Mahindi yanapumua. Gari likitembea upepo unapita. Gari likisimama juani mchana na kunyeshewa usiku, jasho la mahindi linapanda juu, linagonga turubai, linarudi chini kama matone. Siku ya nne utingo alipanda juu, akafunua upande, akaniambia kwa simu, "Mama, ya juu yameanza kunuka." Zuio lenyewe lililegezwa tarehe 10, kwa masharti mapya ya usajili na vyeti ambavyo mzigo wangu haukuwa navyo, kwa sababu wakati unapakiwa Dar es Salaam havikuwa vimetakiwa. Tuligeuza gari. Magunia 22 ya juu yalikuwa yameota kuvu, tukayamwaga. Yaliyobaki niliyauza Arusha kwa hasara, na fedha ya kulala gari nikailipa kwa mkopo.

Mahindi yalisimamishwa kwa hofu ya kuvu, na kule kusimamishwa ndiko kulikoyaotesha kuvu.

Msinielewe vibaya. Sumukuvu inaua. Mwaka 2004 iliua watu 125 upande wa mashariki ya Kenya, na mwaka 2016 iliua watu kwetu, mikoa ya Dodoma na Manyara. Mama yeyote anayemkorogea mtoto uji ana haki ya kuogopa, na serikali ya Kenya ina haki ya kuwalinda watu wake, kama sisi tulivyo na haki ya kuwalinda wa kwetu. Ninayemuuzia mahindi ni mtu anayekwenda kuyala. Ubishi wangu ni juu ya namna ya kupima.

Nchi zetu zina kiwango kimoja cha mahindi cha Afrika Mashariki. Sumukuvu kwa jumla isizidi sehemu 10 katika bilioni. Kiwango kimoja, mmekipitisha wenyewe, na ni kizuri. Tatizo linaanzia kwenye bambo.

Bambo ni kile kifaa chembamba cha chuma, kina mfereji, ambacho mnunuzi anakichoma kwenye gunia kuchota mahindi kidogo aone yalivyo ndani. Pale Tandale kila dalali anacho, wengine wanakitembeza mfukoni kama kalamu. Ukichoma gunia moja unajua habari za gunia moja, tena za upande uliochoma. Sumukuvu haisambai sawasawa kama chumvi kwenye mchuzi. Inakaa kwenye punje chache zilizopasuka, zilizoliwa na mdudu au zilizolowa, na punje hizo zinaweza kujikusanya kwenye magunia matatu ya semi nzima. Mkaguzi wa upande huu akichoma magunia kumi, wa upande wa pili akachoma mengine kumi, wanaweza kupata majibu mawili tofauti kabisa na wote wawili wakawa wamesema kweli. Hapo ndipo ugomvi unapozaliwa. Huyu anaona mwenzake ameficha, yule anaona mwenzake analinda wakulima wake. Magazeti yanaandika, mawaziri wanajibizana, na semi zimesimama.

Dawa yake ipo na si ya kuhitaji mkutano wa Marais. Sampuli ichukuliwe mara moja, na wakaguzi wa nchi zote mbili wakiwa pamoja, kutoka magunia mengi ya kila upande wa gari, juu, kati na chini. Isagwe yote, ichanganywe, ipimwe, majibu yatolewe siku hiyohiyo au kesho yake. Cheti kikitoka, kikubalike pande zote mbili na asitokee mtu wa tatu barabarani anayedai chake. Vituo vya pamoja vya forodha mmekwisha kuvijenga: Namanga, Holili, Rusumo, Mutukula, Kabanga, Sirari, Horohoro. Nimeviona baadhi kwa macho yangu, ni majengo mazuri, na maofisa wa nchi mbili wanakaa ukumbi mmoja. Wapeni na bambo moja.

Nisionekane nawasema Wakenya peke yao, maana wa kwetu nao nawajua.

Juni 2017 ilikuwa serikali yetu sisi iliyopiga marufuku mahindi kwenda nje. Mkulima wa Songea aliyekuwa ametegemea bei ya Nairobi akabaki na ghala limejaa na bei imelala. Oktoba mwaka huohuo vifaranga 6,400 kutoka Kenya vilichomwa moto Namanga kwa hofu ya mafua ya ndege. Nilimuuliza mwenzangu anayeuza vyakula vya kuku kama kulikuwa hakuna njia ya kuvirudisha vilikotoka. Hakunijibu, akatikisa kichwa tu. Julai 2025 tukatoa agizo la kuzuia wasio raia kufanya biashara za aina 15, ikiwemo kununua mazao shambani kwa mkulima. Kenya ikalalamika kwamba linapingana na Itifaki ya Soko la Pamoja.

Hili la mwisho nitalisemea ukweli wangu wote, kwa sababu linanihusu. Mimi nafaidika na agizo hilo. Mnunuzi wa nje akifika kijijini na fedha taslimu, ananipita mimi, anaipandisha bei, na nikifika nakuta magunia yameshonwa tayari. Vijana wa Kariakoo nao wana kilio chao juu ya wageni wanaofanya uchuuzi, na kilio hicho ni cha kweli. Lakini mkulima yuleyule aliyeniuzia kwa bei ndogo msimu huu ni shemeji wa mtu, ni baba wa mtu, na aliniambia wazi kwamba mnunuzi wa Nairobi alikuwa anamlipa vizuri. Kama kuna biashara tunataka kuziacha kwa wenyeji, na zipo, basi tukae na wenzetu tuziorodheshe pamoja, tupeane muda, ndipo tuanze. Ardhi tuliifanyia hivyo. Kwenye Itifaki ya Soko la Pamoja tulisema mapema kwamba mambo ya ardhi yatafuata sheria za kila nchi, wenzetu wakakubali, na leo hakuna lori linalosimama kwa sababu ya ardhi. Mimi naiunga mkono hatua ile mpaka leo.

Na huko kwingine? Mpaka wa Gatuna kati ya Rwanda na Uganda ulifungwa Februari 2019, ukafunguliwa mwisho wa Januari 2022, karibu miaka mitatu. Januari 2024 Burundi ikafunga mpaka wake na Rwanda. Mashariki ya Kongo mnayajua. Tarehe 8 Februari 2025 mlikutana hapa Dar es Salaam, ninyi na wenzenu wa kusini mwa Afrika, kwa ajili ya Kongo. Nilisimama pembeni ya barabara misafara yenu ikipita. Niliomba kimoyomoyo mfanikiwe, kwa sababu nilikuwa na mteja Bukavu aliyekuwa hapokei simu. Mwezi huohuo Bukavu nayo ikaangukia mikononi mwa waasi. Mteja wangu alinipigia baada ya wiki tano akiwa ng'ambo ya mto, kwenye hema, upande wa Burundi. Deni lake kwangu la magunia 40 ya mchele alilikumbuka kabla sijalitaja. Nikamwambia, "Dada, hilo liache. Watoto wako wazima?"

Wahenga walisema ndugu wakigombana, chukua jembe ukalime. Wakipatana, chukua kapu ukavune. Nimelitumia neno hili maisha yangu yote kwa mambo ya ukoo. Kwa mambo ya mpaka halifai, kwa sababu ndugu wakigombana hapo, jembe lenyewe ndilo linalozuiliwa na forodha.

Ninachoomba ni kanuni. Iandikwe na Baraza la Mawaziri, ipitishwe na ninyi, iwe na nguvu ya sheria katika nchi zote nane. Kwamba hakuna nchi itakayozuia bidhaa ya nchi mwanachama bila kutoa taarifa ya maandishi, angalau siku 21 kabla. Kwamba mzigo uliopakiwa kabla ya tarehe ya zuio utapita kwa masharti ya siku ulipopakiwa. Kwamba pakiwa na dharura ya kweli ya ugonjwa, zuio linaweza kuanza papo hapo, lakini litakufa lenyewe baada ya siku 14 kama halijathibitishwa na wataalamu wa pande zote mbili waliokaa pamoja. Na kwamba nchi ikikiuka, itamlipa mwenye mzigo, maana mpaka sasa anayelipa ni mwenye mzigo.

Najua tangu 2017 mnayo sheria ya Jumuiya ya kuondoa vikwazo visivyo vya kiforodha. Najua pia ipo Mahakama ya Afrika Mashariki, Arusha, na kwamba mtu wa kawaida kama mimi anaruhusiwa kwenda huko kuishtaki nchi mwanachama. Nilipoelezwa hivyo na wakili mmoja nilifurahi sana. Kisha akaniambia kwamba shauri lazima lifunguliwe ndani ya miezi miwili tangu jambo litendeke au tangu ulijue. Waheshimiwa, miezi miwili baada ya mzigo kuharibika mimi nilikuwa bado nahangaika na mwenye gari na mwenye mkopo. Sikuwa na nauli ya wakili wala akili ya kutafuta wakili. Ongezeni muda huo ufike hata mwaka mmoja kwa wafanyabiashara. Na kwa mizigo midogo, ile isiyozidi dola 2,000 ambayo mmekwisha kuiwekea cheti rahisi cha uasili wa bidhaa, wekeni msuluhishi palepale mpakani, anayesikiliza kwa Kiswahili na kuamua kabla nyanya hazijaoza. Kina mama wanaovuka na matenga yao hawataiona Arusha maisha yao yote.

Kuna mambo makubwa siyaombi. Fedha moja mlisema itakuwa 2024, sasa mnasema 2031. Mimi hainisumbui. Tandale tunabadilisha shilingi ya Kenya, faranga ya Burundi na dola kwa kichwa, na hatujawahi kushindwa kuelewana. Shirikisho la kisiasa sitaki kulisemea. Biashara ya sisi kwa sisi katika Jumuiya huzunguka asilimia 15 tu ya biashara yetu yote, wakati Ulaya zaidi ya nusu ya biashara yao ni ya wao kwa wao. Mkitaka namba hiyo ipande, anzeni na kumfanya mwenye semi aweze kutabiri wiki ijayo. Mimi nikijua mpaka hautafungwa ghafla, nitakodi gari la pili. Mkulima wa Sumbawanga akijua mimi nina magari mawili, atalima ekari zaidi. Benki nayo, ambayo ikisikia neno mpaka inapandisha mabega, itanikopesha.

Wapo watakaosema huyu mama anaona maslahi yake tu. Ni kweli nayaona. Lakini naiona pia ile kota ya Gerezani, na wale watoto wanne na masanduku yao mawili, na mama yangu ameinama na chupa ya mafuta. Kugombana kwa wakubwa wa wakati ule kulikuwa na sababu. Wengine walikataa kukaa meza moja na Idi Amin baada ya mapinduzi ya 1971, na hata mimi ningekataa. Wengine waliona viwanda vinajaa upande mmoja na faida inakwenda huko huko. Sababu zilikuwa nzito. Hakuna hata moja iliyomhusu fundi cherehani wa Kisumu, na yeye ndiye aliyekaa miaka saba bila kitendea kazi chake.

Alhamisi hii, Mungu akipenda, semi ya maharage inatoka hapa kwenda Bujumbura. Itapita Dodoma, Singida, Nzega, Kahama, Nyakanazi, ivukie Kabanga. Dereva ni kijana wa Kigoma, mtulivu, anaijua barabara hiyo vizuri. Jana jioni alikuja kuchukua karatasi, akaniuliza kama anavyoniuliza kila safari, "Mama, huko kuko wazi?" Nikampigia mteja. Nikampigia wakala wa forodha. Wote wawili wamesema leo kuko wazi. Ya Alhamisi hawajui.

Wenu mtiifu,

Mama muuza nafaka,
Soko la Tandale, Dar es Salaam